Kurasa Tano Kabla ya Jenereta

Gisenyi, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Vene,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ninayopanga hapa Nengo, karatasi nimeiweka juu ya sinia, kwa sababu mezani nimetandaza nguo zisizotaka kukauka. Mvua zimeanza na baridi yake unaijua kwa kuisikia tu, maana nyinyi wa Kigoma hamjawahi kulala na soksi. Nataka kujua habari za goti la Mama, na kama shemeji amerudi salama kutoka Tabora, na kama watoto wameacha kukohoa. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine nitakueleza taratibu.

Barua yako imenifikia baada ya kukaa Kigali wiki tatu. Magari ya kuja huku bado yanakusanyika na kusindikizwa na askari, na wakisikia jambo lolote njiani yanarudishwa. Umeniandikia kwamba Mama anasema nimeolewa na vitabu. Ukaniuliza, najua kwa utani, mtu aliyemaliza chuo, akapewa cheti, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta, anasoma nini tena kila asubuhi kama mtoto wa darasa la tatu. Nilipoisoma barua mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lake ni refu, na ndani yake mna kosa langu ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani.

Ofisi yetu, kama nilivyowahi kukuandikia, inatafuta ndugu za watoto waliopotezana na jamaa zao wakati wa vita na ukimbizi. Makarani wanapita makambini, makanisani na kwenye vituo vya watoto, pande zote mbili za mpaka, wanaandika majina ya watoto kwenye fomu. Kwa upande mwingine wanakuja bibi, shangazi na kaka, wanaandikisha majina ya wale wanaowatafuta. Fomu zote zinaletwa kwetu. Mwenzangu Espérance anaziingiza kwenye kompyuta, na programu niliyoiandika mimi inalinganisha orodha hizo mbili. Jina likikutana na jina, printa inalia, na mtu anatumwa kwenda kuhakikisha.

Nilipoanza kazi hiyo nilijiona najua. Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mzee mmoja wa Goma, mwandishi mwenzangu wa programu, tuliyemwita Papa Anselme. Huku mtu mzima anaitwa Papa au Mama hata na asiye mtoto wake. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Ujanani aliendesha zile kompyuta kubwa za Kinshasa zilizokuwa zinajaza chumba kizima na kulishwa kadi zenye matundu. Kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu, akapita kwenye zahanati moja ya upande wetu kuchomwa sindano yake ya ugonjwa wa sukari, kisha akafika ofisini saa moja na nusu. Jenereta yetu inawashwa saa mbili na nusu. Saa hiyo moja ya katikati, sisi wengine tulikuwa tunaota jua uani na kunywa chai ya maziwa. Yeye alikuwa anakaa dirishani na kitabu.

Wiki yangu ya kwanza aliniita.

"Binti, unangojea nini hapo inje?"

"Nangoja umeme, Papa."

"Umeme ni ya mashine. We unafanyaka kazi na kichwa. Kuya, ikala hapa." Akanisogezea kiti.

Nikamwambia kwa heshima kwamba nimesoma mambo ya kompyuta miaka mitatu Dar es Salaam, na kwamba kitabu chake hicho nilikuwa nakifahamu. Hakukasirika.

"Bon. Ni vizuri. Na leo umesoma nini?"

Nikasema leo sijasoma kitu.

"Donc leo haujui kitu. Ikala."

Ndivyo tulivyoanza, dada. Kurasa tano kila asubuhi, hazizidi. Nilikuwa nataka twende mbio tumalize sura, yeye ananizuia mkono. Alikuwa anasema, "Tano zenye unasikia vizuri zinapita makumi ine zenye unapitisha tu macho." Nikishasoma, anafunika kitabu kwa kiganja na kuniambia nimweleze nilichosoma kwa maneno yangu, bila kuchungulia. Nikikwama tunarudi. Siku nyingine yeye ndiye anayesoma na mimi nafunika kitabu. Kisha kila mmoja anaandika kwenye daftari lake, mbele mambo aliyojifunza, na nyuma, ukiligeuza juu chini, makosa aliyoyafanya kazini. Jenereta ikiwashwa, kitu kimoja katika yale tuliyosoma lazima tukijaribu siku hiyohiyo, hata kama ni kidogo.

Na kila Ijumaa hatukugusa kitabu. Tulichapisha programu zetu wenyewe kwenye karatasi, tukabadilishana, na kila mmoja akaisoma ya mwenzake mstari kwa mstari kwa sauti. Ijumaa ya kwanza niliona haya kama mtu aliyeingiliwa bafuni. Alisoma programu yangu, akasimama kwenye mstari mmoja, akaniuliza mtoto asiyejua jina la baba yake inampeleka wapi. Nikaangalia. Ilikuwa inamtupa. Kila fomu iliyokuwa na nafasi tupu mahali pa jina la baba, programu yangu iliiona haijakamilika na kuiruka. Watoto wadogo kabisa, wale waliookotwa wakiwa hawajui hata kilima, yaani kijiji, cha kwao, walikuwa hawatafutwi na mtu. Nililia pale pale. Papa Anselme akanipa penseli.

"Andika nyuma ya kaye, pale pa makosa," alisema. "Halafu tengeneza."

Tulisoma hivyo mwaka mzima na zaidi. Watu wananitania huku kwamba Kiswahili changu ni cha redio, na Kinyarwanda changu ni cha mtu aliyezaliwa ukimbizini, na ndivyo nilivyo. Saa hiyo ya asubuhi ndiyo pekee ambayo sikujiona mgeni. Ndiyo maana kila barua nilikuwa nakutajia vitabu, nawe ukadhani nimepata mchumba ninayemficha.

Sasa nikueleze habari za bibi mmoja. Jina lake ni Nyirabagenzi, lakini sisi tulimwita Mukecuru, yaani bibi mzee. Anatoka Cyanzarwe, anakuja mjini kila Alhamisi na karoti zake kuuza. Akishauza anakuja kwetu, anasimama mlangoni na kapu tupu. Anamtafuta mtoto wa binti yake, msichana anayeitwa Uwiringiyimana. Alipotezana naye wakati watu walipokuwa wanavuka kwenda Zaire, mtoto akiwa na miaka mitatu. Binti yake alifia huko huko. Yeye alirudi, mtoto hakurudi. Amejifunza Kiswahili cha sokoni kidogo, na kila Alhamisi aliuliza neno moja tu.

"Iko?"

Espérance alikuwa analiandika jina lote upya, herufi kwa herufi, hata kama alilipiga wiki iliyopita. Kompyuta inasema hakuna. Mukecuru anashukuru na kuondoka. Mara nyingine anatuachia karoti mbili tatu tunazokataa, kisha tunazikuta nje kwenye kizingiti.

Mwezi wa nane mwaka jana vita vya ng'ambo vikaanza upya na mpaka ukafungwa. Siku ya kwanza Papa Anselme hakuja, nikasoma kurasa tano peke yangu nikasema kesho nitamsimulia. Siku ya pili vile vile. Hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria ile sindano. Tulifikiria risasi, tulifikiria mabomu, hatukufikiria chupa ndogo ya dawa iliyokuwa kwenye friji ya zahanati upande wetu, yenye jina lake. Siku ya sita dereva mmoja aliyeruhusiwa kupita alituletea habari kwamba amekufa nyumbani kwake, hata siyo vita, sukari tu. Walishamzika. Nilienda hadi kwenye kizuizi cha mpakani nikawaomba askari wanivushe nikamsalimie mjane. Walikuwa vijana wapole. Wakaniambia nirudi nyumbani.

Tangu siku hiyo sikusoma tena. Nikuambie ukweli, kitabu kilikuwa pale pale mezani, kimefunikwa kwenye sura tuliyoishia, na mimi nilikuwa naweka kikombe juu yake. Nilikuwa nafika saa mbili na nusu kamili, nikisikia jenereta inawaka ndipo naingia, ili nisilione lile dirisha likiwa tupu. Kazi nilifanya. Programu ilikuwa inakwenda, ripoti nilikuwa natoa, mkuu wa ofisi alikuwa ananisifu. Hakuna aliyejua kwamba nimesimama. Katika kazi yetu hii mtu anaweza kusimama miezi na hakuna atakayeona, kwa sababu mashine inaendelea kufanya ulichojua mwaka jana. Nilijiambia naomboleza. Ilikuwa kweli. Lakini baada ya muda ilikuwa pia uvivu uliovaa nguo za msiba, na mimi nilikuwa nayajua yote mawili na sikuyatenganisha.

Mpaka ulifunguliwa tena mwezi uliofuata, na Mukecuru aliendelea kuja. Alhamisi zote za Septemba, Oktoba, Novemba. Iko? Hakuna.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mjane wa Papa Anselme alivuka mpaka akaja ofisini. Anaitwa Mama Furaha, kwa jina la binti yao. Alikuwa amekaa kwa ndugu zake Rutshuru tangu mazishi, na aliporudi Goma kufungua nyumba alikuta daftari la mumewe kwenye mfuko wa lile koti.

"Niliona ni ya kazi, haiko ya nyumba," aliniambia. "Nikasema nimuletee mutoto wake."

Hakutaka kukaa sana. Tulishikana mikono, tukalia kidogo, akaenda.

Nilikaa dirishani nikalifungua. Kumbe katika siku zile mpaka ulipofungwa alikuwa na nakala nyingine ya kitabu kile nyumbani, na alikuwa anaendelea kusoma peke yake. Kurasa tano, tarehe, maelezo. Sura iliyofuata, ile niliyoiwekea kikombe, ilikuwa inaeleza namna ya kuifundisha kompyuta kulinganisha majina kwa sauti yake, siyo kwa herufi zake. Unaondoa herufi zinazodanganya, unaziweka pamoja zile zinazosikika sawa, jina linabaki mifupa yake. Kisha unalinganisha mifupa. Papa Anselme aliandika chini yake, akinitaja kwa jina:

"L na R, kwetu ni kitu moja. OU ya Wafaransa ni U. U ya mbele ya W, karani moja anaandika, mwingine anaacha. Katikati ya jina murefu watu wanameza. Batoto bamoja pengine bako mu liste na hatubaone. Consolata asome hii chapitre, atengeneze."

Nilikisogeza kile kikombe. Kilikuwa kimeacha duara juu ya jalada.

Kesho yake nilifika saa moja na nusu. Espérance alinikuta nasoma akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia akae. Yeye hajasoma uandishi wa programu, kazi yake ni kuingiza majina, lakini nilipomfunikia kitabu na kumwomba anieleze, alinishinda. Aliniambia makarani wetu wa upande wa Goma wamesoma Kifaransa na wanaandika wanavyosikia, wale wa makanisani wanaandika kama wamisionari, na yeye mwenyewe siku akichoka anapiga L mahali pa R bila kujua. Amekaa na majina hayo miaka miwili. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tulisoma sura ile asubuhi nane. Mara ya kwanza nilipoiendesha programu mpya, printa haikunyamaza. Kila Mukamana alikutana na kila Mukamana wa nchi hii, karatasi ikaisha. Nikaandika nyuma ya daftari, pale pa makosa. Tukaongeza umri, tukaongeza kilima na jina la mama, tukarudia. Jumatano moja saa nne asubuhi ikatoa karatasi moja tu, jozi chache za majina. Tulizisoma kwa sauti, mimi na Espérance, kila mmoja mstari wake. Wa nne ulikuwa huu. Anayetafutwa, Uwiringiyimana, wa Cyanzarwe. Mtoto aliyeandikishwa, Wilingimana, msichana, kama miaka saba, kovu la moto mkono wa kushoto, kituo kimoja cha watoto Goma. Tarehe ya kuandikishwa ilikuwa Juni.

Juni, dada. Kabla Papa Anselme hajafa. Mtoto alikuwa kwenye kompyuta yetu muda wote Mukecuru akisimama mlangoni.

Siku hiyohiyo nilivuka mpaka na mkuu wa ofisi. Ni mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka mezani kwangu. Sista anayesimamia kituo alitupokea vizuri, akafungua kitabu chake, akapitisha kidole, kidole kikasimama.

"Huyu alishaenda," alisema. "Katikati ya mwezi wa kumi na moja. Kuko mama moja mwenye kuuza vitenge, hana mutoto, alimupenda sana. Tulikuwa na batoto wengi, chakula kidogo, na hakuna ndugu yake mwenye alikuja."

"Alimpeleka wapi?" nikauliza.

"Uvira, kwa bwana yake. Nilituma barua mara mbili. Kule nako kulipigana watu. Bale wenye wanatoka kule wanasema wengi walipanda mitumbwi."

Niliuliza mtoto alikuwa mtu wa namna gani. Sista akafikiri. Akasema alikuwa hapendi kubebwa, alikuwa anataka kutembea mwenyewe, na alikuwa anaimba akiosha vyombo. Kinyarwanda alishakisahau, alikuwa anaongea Kiswahili cha Goma tu. Mkuu wa ofisi aliandika yote hayo. Mimi nilikuwa nahesabu. Agosti, Septemba, Oktoba, nusu ya Novemba. Kama ningelisoma kurasa tano zile siku iliyofuata msiba, au wiki iliyofuata, au hata mwezi uliofuata, ningelimkuta anaosha vyombo.

Alhamisi Mukecuru akaja. Mkuu wa ofisi alitaka amweleze yeye, kwa sababu ni Mnyarwanda wa hapa na anajua namna ya kusema. Nikamwomba aniachie, awe tu karibu kunisaidia Kinyarwanda. Tulimpa kiti. Hajawahi kukaa kwetu, na alipoona kiti alielewa kuna jambo; alilishika kapu lake kwa mikono miwili.

Nilimwambia yote. Kwamba mtoto alikuwa hai mwezi wa kumi na moja, alikuwa Goma, jina liliandikwa vibaya. Kwamba kulikuwa na njia ya kulitafuta jina hata likiandikwa vibaya, na njia hiyo ilikuwa kwenye kitabu changu, na mimi sikukifungua. Nilisema neno hilo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nililisema chini chini.

Akauliza kwa Kinyarwanda, na hilo nililielewa bila kutafsiriwa, kwa nini sikukifungua.

Nikasema aliyekuwa ananifundisha alikufa.

Akaniuliza jina lake. Nikamwambia. Akaniuliza kama alikuwa baba yangu, nikasema hapana, lakini. Sikumaliza. Nilikuwa natarajia anikaripie, au anisamehe, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema kwamba binti yake alipokufa naye hakushika jembe msimu mzima, na kuna watu nyumbani walilala na njaa kwa ajili hiyo. Alilisema kama mtu anayetaja tu kilichotokea. Hakuongeza neno la kunifariji, na sikudhani nilistahili.

Kisha akaomba nimsomee fomu. Nilimsomea. Kovu la moto mkono wa kushoto. Akatikisa kichwa: ndiyo, lilikuwa la sufuria ya maharage. Hapendi kubebwa. Anaimba akiosha vyombo. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia.

Mwisho akataka nimtamkie lile jina jinsi lilivyoandikwa na karani. Nikasema Wilingimana. Akajaribu, ulimi ukamrudisha kwenye lile la kweli. Akajaribu tena. Espérance akamsaidia, silabi kwa silabi, hadi akaliweza.

"Wilingimana," alisema. "Miaka yote naulizaka watu jina yenye hawajue."

Akaondoka kuelekea mpakani, kwa wanawake wanaovuka na bidhaa kutoka Goma, kuanza kuuliza upya.

Hiyo ndiyo sababu nasoma, dada. Umwambie Mama hivyo, au umwambie tu kwamba ni kazi, utaona mwenyewe. Katika zile jozi nyingine kwenye karatasi ile, watoto wanne wamekwisha rudi kwao. Mmoja alimtambua kaka yake kwa mwendo, kabla hajaona uso. Nafurahi kwa ajili yao, nakuapia nafurahi, lakini furaha hiyo haigusi mahali panapouma. Kila asubuhi mimi na Espérance tunafunikiana kitabu. Ijumaa tunasomeana programu. Kuna siku nasoma kurasa tano na haingii hata moja; nazisoma hivyo hivyo, na kesho narudia.

Nisalimie Mama sana, umwambie goti asilitie maji baridi. Shemeji nisalimie kwa heshima zote, na umwambie ile redio aliyonipa bado inaongea. Shangazi aliyeniuzia sanduku la safari naye nimemkumbuka. Watoto wako wapige busu, yule mdogo mara mbili kwa kuwa simjui sura. Mwalimu Mkuu wangu wa zamani, jirani yenu, umwambie namshukuru kwa kutuchapa tulipokuwa tunasoma kwa kukariri.

Nimeacha jambo moja hadi mwisho ili usilisahau. Umeniandikia kwamba zahanati yenu sasa inapokea watu wanaovuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Uvira, na kwamba wewe ndiye unayeandika majina yao kwenye daftari la wagonjwa. Naomba, dada, usitafute kwa jicho tu. Tafuta kwa sikio. Msichana wa miaka minane sasa, na mama muuza vitenge, kovu mkono wa kushoto. Anaweza kuwa ameandikwa Wilingimana, au Uwilingiyimana, au Ouringimana, au amepewa jina la huyo mama, au la mtakatifu. Pitia tangu mwezi wa kumi na mbili. Na ukimwona mtoto mwenye kovu hilo, ukamwita kwa jina moja akakaa kimya, mwite kwa lingine.

Mdogo wako akupendaye,
Consolata